Mbuzi wa Mtunda Hali Majani

Konda wa basi la Kibiti alilitazama bati langu, akanitazama mimi, akalirudia bati. "Mzee, hilo nalo abiria. Linalipa." Tulikuwa Mbagala Rangi Tatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, muuza kahawa anagonga vikombe na wapiga debe wanazitaja Mkuranga, Bungu, Kibiti na Ikwiriri kwa pumzi moja. Bati lenyewe lilikuwa kipande tu, nimelisokota na kulifunga kwa kamba ya katani, ndani yake nimeviringisha tupa mbili, mkasi wa bati na bledi sita za msumeno wa chuma. Konda alianzia elfu tano. Nikampa elfu mbili, bati likapanda kabla yangu.

Mzigo huo niliagizwa. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika kata ya Mtunda, wilayani Kibiti, nilimuuliza kwa simu niwaletee watoto zawadi gani. Akajibu kwa ujumbe mfupi: "Usilete pipi. Leta bati." Nilikuwa nimesikia kwamba anawafundisha wanafunzi wa darasa la tano na la sita kubuni zana za shamba, na kwamba wanaziunda wenyewe kwa makopo, fito na misumari. Nilitaka kujionea kama ni kweli, maana nimeshakula ubwabwa wa maonyesho mengi ya mgeni rasmi ambayo vifaa vyake hurudi stoo mgeni akishapanda gari. Mwalimu aliniomba nisimtaje yeye wala shule yake, nami nimekubali.

Barabara ya Kilwa kuelekea kusini ni ya lami na haina mambo mengi. Mananasi ya Mkuranga yamepangwa mezani, Kimanzichana watu wanashuka na kuku, Jaribu Mpakani basi linasimama wauza mihogo wanalizunguka. Ilikuwa Julai, mikorosho imeanza kutoa maua na hewa ina ile harufu yake nzito kidogo. Kibiti iko kama kilomita 140 kutoka Dar es Salaam. Nilifika kabla ya adhuhuri, nikanywa chai kwa vitumbua pale stendi, nikapanda bodaboda, bati nimelikumbatia kama bwana harusi.

Kijana wa bodaboda alikuwa mwenyeji, na alinipa somo la jiografia bila kugeuza shingo. Nyumba ziko huku juu penye mchanga na mikorosho, mashamba ya mpunga yako kule chini bondeni. "Zamani wazee waliishi kule kule kwenye maji," alisema. Ni kweli. Kuanzia 1968, baada ya mafuriko, serikali iliwahamisha watu wa bonde la Rufiji na kuwaweka katika vijiji vya nchi kavu, miaka kadhaa kabla ya operesheni za vijiji kuenea nchi nzima. Nyumba zikapanda juu, lakini rutuba haikuweza kupanda nazo. Ndiyo maana hadi leo msimu ukifika familia nzima huteremka bondeni na kuishi kwenye dungu, kile kibanda cha fito na makuti kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini na nguruwe asibishe hodi usiku. Watoto huenda pia. Daftari la mahudhurio la shule yoyote ya huku, ukilisoma vizuri, ni kalenda ya mpunga.

Na maji yenyewe hayana adabu. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na makazi kwa maelfu Rufiji na Kibiti, na mpaka leo ukiwakuta watu wawili kibarazani hawachelewi kuanza ubishi: ni mvua peke yake, au ni bwawa la Julius Nyerere kule juu, lile la megawati 2,115? Mimi sikwenda kuamua kesi hiyo.

Nikitoka kidogo nje ya njia, lazima nikiri jambo. Mimi mashine rahisi nilizisoma kwa kukariri. Mwalimu wangu, katika shule ambayo nayo nitaihifadhia heshima yake, alituimbisha: nyenzo daraja la kwanza, egemeo liko katikati, la pili, mzigo uko katikati, la tatu, jitihada iko katikati. Nilipata alama zote. Jioni nikaenda kwenye shamba la shule, nikashika jembe, nikalima hadi viganja vikatoka malengelenge, na haikunipitia akilini hata siku moja kwamba nilichoshika mkononi ndicho nilichokariri asubuhi. Hakuna aliyetuuliza kwa nini mpini ulikuwa mfupi vile. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua mambo ya shamba lao, wajifunze kwa makosa yao. Sisi tuliachiwa makosa ya wakubwa na jembe la kiwanda cha UFI.

Nilipofika shuleni watoto walisimama wote: "Shikamoo, mjomba!" Mwalimu, kijana wa miaka thelathini na kitu, viatu vyake vyeupe kwa vumbi la chaki, alilipokea bati kwa mikono miwili na kulinusa. Kweli, alilinusa. "Hili jipya. Tutalionea huruma kulikata."

Ubaoni hapakuwa na mchoro wa mashine yoyote. Palikuwa na mtu. Mtu mkubwa wa chaki, wa kiume au wa kike haijulikani, mikono kaitanua, na mwilini mwake watoto wameweka alama za msalaba. Kiunoni msongamano. Mabegani kiasi. Kwenye kidole gumba cha kulia alama nane au tisa. Na kooni, alama nyingi kuliko kote.

Nilimuuliza maana yake. Alisema mwanzo wa muhula kila mtoto hupewa kazi ya kwenda nyumbani na swali moja: kazi gani ya shamba inakuuma, na inakuumia wapi? "Mwaka wa kwanza niliwatuma waulize, mnataka mashine gani? Wote wakaja na jibu moja. Trekta." Alicheka. "Sasa tunauliza maumivu. Mtu hadanganyi kuhusu maumivu yake."

Kiuno ni palizi. Kidole gumba ni kupukuchua mahindi. Koo nilishindwa kulitegua, mpaka msichana mmoja wa dawati la mbele akanionea huruma. "Ni letu sisi, mjomba. La kuamia ndege."

Mpunga ukianza kubeba, kwelea kwelea hushuka kama wingu, na mlinzi wake ni mtoto. Anapanda dunguni kabla jua halijatoka, anapiga kelele, anarusha udongo kwa kombeo, anapiga debe, mpaka magharibi. Wiki nne, tano. Akirudi shule hana sauti ya kusomea. Kwa hiyo zana ya kwanza ambayo darasa lile liliunda ilikuwa ya kuliponya koo lao wenyewe, na hapo naona mwalimu alikuwa mjanja sana, maana mtoto hahitaji kushawishiwa kuhusu shida anayolala nayo.

Walinipeleka kuiona jioni ile ile, kwenye kipande cha mpunga uliochelewa, mwendo wa kama nusu saa kwa mguu. Kwa mbali ni takataka: makopo ya maziwa na ya rangi yananing'inia shambani, kila moja na kokoto ndani. Kamba inatoka dunguni. Ukiivuta makopo yanalia. Basi. Vitu hivi viko mashamba mengi ya mpunga, nikataka kusema hivyo, nikajizuia, na nilifanya vyema kujizuia.

Kwani mvulana mmoja alinionyesha kaburi la ile ya kwanza. Walikuwa wamefunga makopo yote kwenye kamba moja iliyonyooka, toka dunguni hadi mwisho wa shamba. Wakivuta, makopo matatu ya karibu yanalia, ya mbali yamenyamaza. Kamba ilikuwa inalegea katikati na kula nguvu yote ya mkono. Tena ilikuwa ya usumba. Umande wa alfajiri ukaingia, kamba ikawa nzito kama mkia wa ng'ombe, na alfajiri ndiyo saa ya ndege. Wakaenda kuomba kamba za nyavu chakavu kwa wavuvi, ambazo hazinywi maji. Nusu ya tatizo ikaisha.

Nusu ya pili ilimalizwa na ufito. Mtoto mmoja, nadhani bila kukusudia, alifunga kopo kwenye ncha ya ufito mrefu uliosimikwa ardhini badala ya kulifunga kwenye kamba. Akauvuta, akauachia. Ufito ukapinda, ukarudi, ukapita kiasi, ukarudi tena, na kopo likalia mara sita au saba kwa mvuto mmoja. Darasa zima likaja kuutazama. Sasa kila kopo lina ufito wake, na kamba kazi yake ni kuamsha tu. Kelele zinapigwa na fito zenyewe. Nilivuta mara moja. Shamba lote likapiga makofi, na ndege kama mia wakaondoka wakitukana.

"Lakini wanazoea," alisema yule msichana wa dawati la mbele, hana furaha hata kidogo. "Siku ya tatu wanakuwa kama sisi na kengele ya shule. Inalia, tunamalizia mchezo." Dawa yao kwa sasa ni kuvuta bila mpangilio na kuhamisha fito kila baada ya siku mbili. Wanatafuta nyingine. Nilimpenda mtoto yule kwa kutoridhika kwake.

Nililala Mtunda, kwa ukarimu wa mwalimu na mkewe. Wali wa nazi, kamba wa delta, na kisamvu. Mengine nayaacha, msomaji mwenye njaa anisamehe.

Asubuhi tulianza na aibu, kama mwalimu alivyoiita. Kwenye kona ya darasa, chini ya ramani ya Afrika, imeegemezwa mashine ya palizi: gogo dogo la mviringo lililopigwa misumari pande zote, limefungwa kwenye mpini mrefu, lizunguke matopeni na kung'oa magugu mtu akiwa amesimama wima. Dawa ya kiuno. Waliona picha yake kwenye simu ya mwalimu. Mashine za aina hiyo, za chuma, huambatana na kilimo shadidi, ule mtindo uliobuniwa Madagascar na padri Henri de Laulanié miaka ya 1980, na ambao hapa nchini ulijaribiwa Mkindo, Mvomero, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Miche inahamishwa ingali michanga, ya siku nane mpaka kumi na mbili, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kila upande. Kati ya mistari mashine inapita bila kugusa mpunga.

Wavulana walifanya kazi nzuri. Niliizungusha ile mashine, haikukwama. Wakaiingiza kwenye shamba la baba wa mmoja wao, na baada ya hatua kumi baba akawatimua na fimbo, kwa sababu ilikuwa inang'oa gugu na mpunga bila ubaguzi. Bondeni mbegu humwagwa. Hakuna mistari.

"Tuliunda kitu sahihi kwa shamba la mtu mwingine," mwalimu alisema, na kumbe sentensi hiyo waliiandika pia kwenye gogo lenyewe kwa kalamu ya wino mzito.

Nilifikiri ameishia kuwalaumu wazee kwa kutopanda kwa mistari, kama wanavyofanya wengi wanaokuja na gari na vipeperushi. Hapana. Aliwatuma watoto wakaulize kwa nini. Wakarudi na jibu ambalo linastahili kusikilizwa: mtu wa bondeni anamwaga mbegu udongo ukiwa mkavu kwa sababu hajui maji yatakuja lini wala yatafika kimo gani. Mpunga uliokwisha kushika mizizi unaweza kurefuka na kukimbizana na maji. Mche wa siku kumi, urefu wa kidole, ukipandwa leo na mto ukapanda kesho, umekwisha. Kumwaga ni bima. Kwa hiyo mashine haikuwa mbovu, na wazee hawakuwa wajinga. Walichoamua watoto ni kutengeneza kamba ya mafundo, fundo kila sentimita 25, na kuijaribu kwenye kipande kidogo cha juu karibu na kisima, ambako mafuriko hayafiki. Gogo la misumari linasubiri pale konani mpaka mpunga wenye mistari upatikane. Wavulana wawili walinihakikishia kwamba linasubiri tu, halijafa.

Sasa nije kwenye kidole gumba, maana hicho ndicho kilichonirudisha Dar es Salaam nikiwa nacheka peke yangu ndani ya basi.

Kupukuchua mahindi ni kazi ya wanawake na watoto, na si ya kusubiri. Watu wa umri wa kati wanamkumbuka dumuzi, yule mdudu mweusi aliyeingia nchini toka Amerika ya Kati na kuonekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakampachika jina la lori, Skania. Huyo hulipenda hindi likiwa bado kwenye gunzi; ana mahali pa kuegemea anapotoboa. Maofisa kilimo wakasema pukuchueni mapema, changanyeni na dawa, wekeni kwenye gunia. Ushauri mzuri. Dole gumba hawakulitaja. Mwenye haraka hujaza mahindi kwenye gunia na kulichapa kwa fimbo, na punje zinazopasuka huwa karamu ya wadudu.

Mwalimu alijua dawa moja, bomba fupi la bati lenye meno kwa ndani. Unaingiza hindi, unazungusha, punje zinadondoka. Kifaa hicho kimezunguka dunia. Kimewahi kutengenezwa kwa mbao, na kwa bati kinafundishwa na D-Lab ya MIT, iliyoanzishwa na Amy Smith 2002. Hapa kwetu karakana ya Twende ya Arusha, ambayo mmoja wa waasisi wake ni Bernard Kiwia, fundi wa baiskeli aliyegeuka mbunifu, hufundisha watu wa kawaida kujiundia zana za namna hiyo. Angeweza kuwachorea watoto ubaoni wakaiga, somo likaisha saa nne. Badala yake aliwapa mahindi ishirini, uzi na rula.

Wakazungushia uzi kila hindi, kwenye kitako, katikati na kwenye ncha, wakapima. Hapakuwa na mahindi mawili yanayofanana. Kikundi cha kwanza kilitengeneza bomba linalotosha hindi nene. Jembamba likawa linacheza ndani kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Cha pili kikatengeneza la hindi jembamba, nene likakwama. Cha tatu kilitaka kutengeneza matatu, dogo, kati na kubwa, kama sufuria. Walibishana siku mbili. Kisha mmoja wao, kwa mujibu wa mwalimu, alikuwa anamimina mafuta ya taa kwenye koroboi, akatazama faneli. Mdomo mpana, mwisho mwembamba: kila hindi litajitafutia mahali pake. Wakalikunja bati kama faneli, wakapinda meno manne kwa ndani, wakafunga kwa ribiti mbili. Kidole cha kwanza kilipokatwa na ukingo wakajifunza kukunja kingo. Kovu nilionyeshwa, kwa fahari.

Kifaa kilipokamilika wakakipeleka kwa bibi mmoja jirani wa shule akijaribu, ambaye maumivu yake yalikuwa miongoni mwa zile alama za kidole gumba ubaoni. Nami nilikwenda kumwona siku hiyo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umekuja kwa mahindi yangu?"

Alinisimulia mwenyewe. Walikuja kumi na moja, wamejipanga kama posa. Wakampa lile faneli. Akalishika mkono wa kushoto, hindi mkono wa kulia, akazungusha. Punje zikatoka, hakatai. Mahindi matano. Halafu akaliweka chini, akawaambia halitaki.

Watoto wakaduwaa. Kwa nini, bibi, kidole gumba si hakiumi tena?

"Kidole hakiumi," akawajibu. "Sasa unauma mkono mzima." Viungo vyake vimekaza kwa uzee, kukamata bati lile kwa nguvu lisizunguke pamoja na hindi kulimchosha kuliko kupukuchua. Walikuwa wamehamisha maumivu kutoka kidoleni kwenda kiganjani. Wavulana waliolikunja wana viganja vya miaka kumi na miwili. Hakuna aliyempima bibi mkono; walipima mahindi tu.

Kisha akasema maneno ambayo mwalimu ameyaandika kwenye daftari lake la maandalio: "Nazi ngumu kuliko hindi, na nazi naikuna nimekaa. Nyinyi mnataka hindi nilipigie magoti?"

Akawanyooshea kidole kibao cha mbuzi kilichoegemezwa ukutani.

Msomaji wa pwani anakijua tangu tumboni, lakini nilipokitazama pale uani kwa bibi nilikuwa kama sijawahi kukiona. Ubao wa kukalia, miguu iliyopishana inayokunjika, na mbele ulimi wa chuma wenye meno. Ukikaa, uzito wako wote unakishikilia kibao, hakiendi popote. Mikono yote miwili inabaki huru kuizungusha nazi. Hakuna jitihada inayopotea katika kushikilia. Mtu fulani wa pwani hii, ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote, alilifikiria tatizo la bibi huyu mamia ya miaka iliyopita akalimaliza.

Watoto walirudi shule mbio. Kibao kibovu kilipatikana kwa mama wa mmoja wao, ulimi wake umeliwa na kutu. Wakauchomoa, wakaweka mahali pake ulimi wa mti wa mkorosho, na juu yake wakalifunga lile faneli, mdomo mpana ukimtazama mkaaji, mwisho mwembamba umeinama kuelekea ungo. Mara ya kwanza waliliweka limelala kabisa, punje zikawa zinarudi mapajani. Wakaliinamisha. Mara ya pili ulimi ulipasuka, maana walipiga msumari karibu mno na ncha. Wakatoboa kwanza kwa msumari wa moto. Mara ya tatu bibi akakaa.

Nilimwona akikitumia, kanga kaikunja magotini, hindi kalikamata kwa mikono yote miwili kama anasokota nguo. Kwa kidole gumba, alivyonionyesha ili kulinganisha, hindi moja lilimchukua zaidi ya dakika. Juu ya kibao nilihesabu moyoni hadi ishirini. Gunzi akalirusha nyuma bila kutazama, kuku wakaligombania. Alipukuchua karibu nusu debe tukiwa tunazungumza habari za wajukuu zake walioko Temeke, hakuinuka, hakulalamika, na nilipomuuliza kama sasa anakubali, akasema kinapiga kelele.

Watoto wanakiita mbuzi wa mahindi. Kuna kitendawili kimeshazaliwa hapo shuleni, nami nilitegwa nacho getini: mbuzi wa Mtunda hali majani. Nikashindwa, nikatoa mji. Wakanidai Dodoma.

Kuna watu wamemshauri mwalimu akipeleke kwenye MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019 na ambayo yana kundi la shule za msingi. Yeye anasita. Anaogopa watoto wataanza kuunda vitu vya kuwafurahisha majaji, na bibi atasahaulika. Hapa tulitofautiana, tukabishana hadi taa ikaishiwa chaji. Mimi nasema aende, na amchukue bibi. Tangu Januari 2024 mitaala mipya imefungua mkondo wa amali katika sekondari, karakana zinajengwa, na vijana watafundishwa kuchomelea na kuranda. Ni jambo jema na limechelewa. Lakini fundi anayejua kuchomelea na hajui kwenda kumuuliza mtu panapouma atatuchomelea mageti mpaka kiama. Ule mchoro wa mtu wa chaki ungefaa uonekane na walimu wengi zaidi.

Jambo moja liliniuma. Kati ya watoto wa kundi la faneli, wavulana ndio walioshika nyundo. Wasichana, ambao ndio wanaopukuchua nyumbani, walishika uzi na daftari. Nilimwambia mwalimu. Alinyamaza, akasema amekwisha kuliona, na kwamba nyundo shuleni ni moja. Nyundo ikiwa moja, mwenye sauti ndiye mwenye nyundo. Asubuhi niliyoondoka nilimkuta yule msichana wa dawati la mbele amepiga magoti juu ya bati langu na mkasi mpya, ulimi nje, anakata duara. Hakuniinulia uso. Nikapita taratibu.

Hesabu ya karakana ya shule ile, kama nilivyoiona, ni hii: nyundo moja, koleo moja lisilofunga vizuri, msumeno mmoja wa mbao ulioazimwa, na sasa mkasi mmoja wa bati, tupa mbili na bledi sita. Watoto wa madarasa mawili ni zaidi ya tisini. Shule za namna hii ni nyingi kutoka Kibiti hadi mdomoni mwa Rufiji, na huna haja ya kuijua hii ya kwangu. Ingia yoyote, uliza nani anafundisha Sayansi. Nyundo iliyolala stoo kwako itapata kazi siku hiyo hiyo. Basi linaondokea Rangi Tatu, na mzigo ni shilingi elfu mbili. Konda akikuambia tano, mkatalie.